Sekunde tatu za kwotabeki zimo mikononi mwa watu watano

Mathias Kiwanuka alikuwa amekwisha kumkamata. Ilikuwa Jumapili ya tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville, Marekani. Tennessee Titans walikuwa nyuma kwa pointi 21-14, muda unayoyoma, na wamebakiwa na jaribio moja tu la kuokoa mchezo. Kijana huyo wa New York Giants, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alimkumbatia kwotabeki Vince Young kwa mikono miwili. Kilichobaki kilikuwa kumlaza chini.

Akamwachia.

Alidhani Young ameshautupa mpira, na kumwangusha kwotabeki ambaye hana tena mpira ni kosa la yadi 15. Kumbe mpira ulikuwa bado mkononi. Young akachoropoka, akakimbia. Titans wakasawazisha, kisha wakashinda 24-21 kwa teke la sekunde za mwisho. Giants walikuwa wakiongoza 21-0 robo ya mwisho ilipoanza.

Lawama zilimwelemea Kiwanuka, ambaye huo ulikuwa msimu wake wa kwanza katika ligi kuu ya NFL. Lakini tukio lile lina swali jingine ambalo halikuulizwa sana: aliwezaje kufika pale? Kati yake na Young walisimamishwa watu watano ambao kazi yao, kwotabeki anapotaka kutupa, ni kuzuia jambo kama lile lisitokee. Ulinzi ulikuwa umevunjika. Young aliokoka kwa bahati, na makwotabeki wengi hawaipati bahati hiyo.

Mchezo wa Ijumaa jioni

Msomaji wa Shasha, Sake au Minova, aliyekulia kwenye mpira wa miguu kando ya Ziwa Kivu, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ya jamaa. Katika mwaka wa bajeti wa 2019 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 30,000, na karibu 13,000 kati yao walitoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Watoto wao wanasoma katika shule ambazo Ijumaa jioni wakati wa vuli kijiji kizima huenda uwanjani kuangalia futiboli ya Kimarekani.

Na kijana wa huko mwenye mabega mapana, akiingia shule ya namna hiyo, kocha hamwoni kama mtupaji wa mpira. Anamwona kama tofali la ukuta.

Tueleze kwa ufupi. Kila upande una wachezaji 11. Wenye mpira wanapewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani mita tisa na kitu. Wakifaulu, wanapata mengine manne. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila jaribio linapoanza, kisha anaamua: amkabidhi mkimbiaji, au autupe mbele kwa mwenzake. Ndiye anayelipwa zaidi, ndiye anayepigwa picha.

Mbele yake wameinama watano: senta katikati, anayeupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake, na wawili wawili kila upande. Kanuni haziwaruhusu kupokea mpira uliotupwa mbele, isipokuwa wamejitambulisha kwa mwamuzi kabla. Jezi zao ni za namba 50 hadi 79. Katika NFL mmoja wao huwa na uzito wa kilo 140 hivi, na njia ya haraka kwake ya kusikia namba yake ikitajwa na mwamuzi kwenye kipaza sauti ni kufanya kosa: akimshika mpinzani jezi, timu inarudishwa yadi 10.

Ndiyo maana mzazi mgeni jukwaani hukaa mchezo mzima akijiuliza kwa nini mwanawe hapewi mpira hata mara moja.

Zizi lililo wazi upande mmoja

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Katika jaribio la kutupa, mpira ukishapitishwa, watano wale hawasongi mbele. Wanarudi nyuma, uso ukiwaelekea wanaowashambulia, na kutengeneza umbo la zizi ambalo mlango wake uko nyuma. Kwotabeki anasimama ndani.

Mtazame wa mwisho kushoto. Mpinzani wake anaweza kuwa na kilo 120 na mbio za mkimbiaji wa mita 100. Mlinzi anarudi nyuma kwa hatua fupi za kando, mguu wa kushoto ukitangulia, matako yameshuka, mgongo umenyooka. Mikono haipeleki mapema: akiipeleka mapema, mpinzani ataipiga chini na kupita. Akichelewa, ameshasukumwa kifuani na kupoteza mizani. Inampasa kugusa kwanza, ndani ya mabega, na kuendelea kusogeza miguu. Akikosea kwa upana wa kiganja, mwenzake aliyeko nyuma anaumia.

Sababu ya upande wa kushoto kuogopwa zaidi ni kwamba kwotabeki anayetumia mkono wa kulia huupa upande huo mgongo anapojiandaa kutupa. Marekani ililiona hilo vizuri tarehe 18 Novemba 1985, pale Lawrence Taylor wa Giants alipomwangukia kwotabeki Joe Theismann wa Washington na mguu wa Theismann ukavunjika mbele ya kamera za televisheni. Theismann hakucheza tena. Mwaka 2006 mwandishi Michael Lewis alianzia hapo kitabu chake *The Blind Side*, kinachoeleza jinsi mlinzi wa kushoto alivyogeuka mmoja wa watu wenye bei kubwa katika mchezo.

> Kwotabeki wa NFL kwa wastani huuachia mpira kabla sekunde tatu hazijatimia. Katika muda huo amesoma ulinzi wa wapinzani, amechagua mtu na amekunja mkono.

Muda huo mdogo ndio kiini cha suala. Wapokeaji wanaokimbia yadi 20 mbele wanahitaji sekunde kadhaa kuachana na wapinzani wanaowafuata. Ukuta ukidumu, kwotabeki anamngoja aliye mbali. Ukivunjika, anamtupia aliye karibu, au anatupa ovyo, au analazwa chini na mpira mkononi, na yadi zilizopatikana zinapotea. Baya zaidi ni lile lisiloandikwa kwenye takwimu: akishapigwa mara tano, mara ya sita anaacha kuangalia mbele na kuanza kuangalia miguu ya wanaomjia.

Indianapolis: jiji moja, simulizi mbili

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, mahali pazuri pa kulisoma somo hili ni Indianapolis. Kiwanuka alizaliwa huko mwaka 1983, zaidi ya miaka kumi baada ya babu yake, wakati huo jaji mkuu, kukamatwa ndani ya mahakama mjini Kampala kwa amri ya utawala wa Idi Amin na kuuawa. Na huko ndiko Daniel Adongo, mcheza raga wa Nairobi, alikosajiliwa Julai 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Desemba mwaka huohuo akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL.

Adongo aliwekwa katika kundi la wanaomwinda kwotabeki wa wapinzani. Mazoezini kumgusa kwotabeki wa timu yako ni marufuku, naye huvaa jezi ya rangi tofauti ili asisahaulike. Katika timu yake, Indianapolis Colts ya miaka ile, mazoezini palikuwa karibu mahali pekee ambapo kwotabeki Andrew Luck alikuwa salama.

Luck alichaguliwa wa kwanza katika usajili wa vijana wa mwaka 2012, ambapo timu huchagua wachezaji kwa zamu. Kila mtu alikubali kwamba kipaji kama chake hakionekani mara nyingi. Msimu wake wa kwanza aliangushwa mara 41. Mwaka 2015 alicheza mechi saba tu: bega liliumia, kisha katika mchezo dhidi ya Denver figo ikachanika. Mwaka 2016 akaangushwa tena mara 41, na Januari iliyofuata akapasuliwa bega. Msimu wa 2017 hakucheza hata mchezo mmoja.

Hapo ndipo uongozi mpya wa Colts, chini ya Chris Ballard, ulipofanya jambo ambalo mashabiki wengi hawalishangilii siku ya usajili. Badala ya kutafuta mkimbiaji au mpokeaji wa kupendeza macho, mwaka 2018 ulitumia nafasi ya sita ya usajili kumchukua Quenton Nelson, mtu wa ukutani, na katika raundi ya pili ukamwongeza Braden Smith, naye wa ukutani.

Colts walianza msimu kwa kushinda mara moja na kupoteza tano. Ukuta ulipotulia, Luck alicheza mechi tano mfululizo bila kuangushwa hata mara moja. Msimu mzima aliangushwa mara 18, akatupa pasi za mabao 39, timu ikamaliza na ushindi 10 dhidi ya vipigo sita, naye akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo.

Tarehe 24 Agosti 2019 akastaafu, akiwa na umri wa miaka 29. Habari ilivuja mchezo wa maandalizi ukiendelea, na baadhi ya mashabiki wakamzomea akitoka uwanjani kwake mwenyewe. Alisema amechoshwa na mzunguko wa kuumia, maumivu, matibabu, kisha kuumia tena. Jeraha lililokuwa likimsumbua wakati huo lilikuwa la mguu. Ukuta mzuri ulifika, lakini mwili ulikuwa umeshalipa.

Kosa la nani?

Hadi hapo inaonekana kesi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu Indianapolis ileile inatoa ushahidi wa upande wa pili.

Kabla ya Luck alikuwepo Peyton Manning. Msimu wa 2009 Manning alitupa mpira mara 571 na kuangushwa mara 10 tu. Mtu angedhani alilindwa na majabali. Ukimwondoa senta Jeff Saturday, ukuta ule haukuwa na majina ya kutisha. Mlinzi wa kushoto, Charlie Johnson, alikuwa amechaguliwa katika raundi ya sita. Siri ilikuwa kwa Manning mwenyewe. Kabla mpira haujapitishwa alikuwa ameshausoma ulinzi wa wapinzani, amebadilisha mpango kwa kelele na ishara za mikono, na anajua atamtupia nani. Mshambuliaji alipofika, mpira ulikuwa umeshakwenda.

Na alipohamia Denver mwaka 2012, kwenye ukuta mwingine kabisa, misimu mitatu ya kwanza aliangushwa mara 21, 18 na 17. Aliihama timu, tabia akahama nayo.

> Mwaka 2002 David Carr wa Houston Texans aliangushwa mara 76, rekodi ya NFL. Mwaka 2009 Manning aliangushwa mara 10.

Wachambuzi wa takwimu hulishikilia sana hoja hiyo. Wanasema kwotabeki anayeangushwa mara nyingi mara nyingi huwa ndiye anayeng'ang'ania mpira, akingojea pasi kubwa. Mpe ukuta mpya na bado ataangushwa. Joe Burrow wa Cincinnati aliangushwa mara 51 katika msimu wa kawaida wa 2021, kisha mara tisa katika mchezo mmoja wa mtoano dhidi ya Titans, ambao hata hivyo timu yake ilishinda 19-16. Kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, Los Angeles Rams wakamlaza mara saba na kutwaa kombe kwa 23-20. Wapo waliolaumu ukuta, na wapo waliomlaumu Burrow kwa kukaa na mpira mno.

Makocha wa ukuta wanajibu kwamba mtu hawezi kuutoa mpira haraka kama wapokeaji bado hawajageuka, na kwamba mpango wa mchezo wenyewe ndio unaoamua mpira ukae mkononi kwa muda gani.

Hata kisa cha Luck kina doa hilo. Mwaka 2018 hawakuja Nelson na Smith peke yao. Alikuja pia kocha mpya, Frank Reich, aliyependa pasi za haraka na fupi. Kwa hiyo zile mara 41 zilizoshuka hadi 18, ngapi ni za ukuta na ngapi ni za saa ya kocha? Mambo mawili yalibadilika mwaka mmoja, na atakayekupa hesabu kamili anakisia.

Msimamo wangu ni huu: ukuta mzuri haumfanyi mtupaji wa kawaida kuwa bingwa, lakini ukuta uliobomoka unaweza kumfanya bingwa aonekane wa kawaida. Nguvu yake inaonekana zaidi upande wa kuharibu.

Mtu yuleyule, ukuta mwingine

Ushahidi wangu ni kwotabeki Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs, kwa sababu kwake tunaweza kumwangalia mtu mmoja, chini ya kocha mmoja, Andy Reid, nyuma ya kuta tofauti.

Tarehe 7 Februari 2021 alicheza Super Bowl dhidi ya Tampa Bay bila walinzi wake wawili wa pembeni. Mitchell Schwartz alikuwa nje kwa jeraha la mgongo, na Eric Fisher alikuwa amechanika kano ya kisigino katika mchezo uliotangulia. Mahomes alibanwa, yaani kufikiwa na wapinzani kabla ya kutupa, mara 29, idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika fainali hiyo. Vipimo vya ligi vilionyesha kwamba alikimbia yadi 497, karibu mita 450, kabla ya kutupa au kuangushwa, akirudi nyuma na kuzunguka kama aliyefukuzwa. Chiefs walipoteza 31-9, bila bao hata moja la kugusa chini.

Ona lakini: aliangushwa mara tatu tu. Anayesoma takwimu za kuangushwa peke yake ataona mchezo wa kawaida. Kubanwa ndiko kulikomaliza kazi.

Wiki chache baadaye Chiefs waliwaacha Fisher na Schwartz wote wawili, wakaujenga ukuta upya: Joe Thuney kutoka New England, Orlando Brown kutoka Baltimore, na vijana wawili, Creed Humphrey na Trey Smith. Februari 2023 walikutana katika Super Bowl na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imewalaza wapinzani mara 70 katika msimu wa kawaida. Mahomes hakuangushwa hata mara moja. Chiefs 38, Eagles 35.

Miaka miwili baadaye timu hizo zikakutana tena. Safari hii Thuney, ambaye kazi yake ni ya ndani, alikuwa amehamishiwa pembeni kushoto kuziba pengo. Eagles hawakuhitaji hata kutuma washambuliaji wa ziada. Mahomes aliangushwa mara sita, na Chiefs wakafungwa 40-22.

Wenye timu wameshalielewa somo, na wanalilipia. Mwaka 2024 walinzi wa pembeni Penei Sewell wa Detroit, tena wa upande wa kulia, na Tristan Wirfs wa Tampa Bay walisaini mikataba ya takriban dola milioni 28 kwa mwaka kila mmoja. Mwaka huohuo kwotabeki Dak Prescott wa Dallas alisaini wa dola milioni 60. Pengo bado lipo, ila wakati wa Theismann hakuna aliyedhani mtu wa ukutani angefika karibu na nusu ya njia.

Mkongo aliyefunguliwa njia

Tusisahau pia kwamba ukuta haulindi tu, unafungua njia. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, alikimbia yadi 313 katika mchezo mmoja mwaka 1995, chuo chake cha Michigan kilipowafunga mahasimu wao wa Ohio State. Mwaka uliofuata Carolina Panthers wakamchagua wa nane. Jina lake bado linatajwa Michigan kila mchezo huo unapokaribia. Kushoto katika ukuta wa siku ile alikuwa Jon Runyan, aliyekuja kucheza NFL kwa miaka mingi. Nani anamkumbuka kwa siku hiyo?

Na huku kwetu?

NFL imeanza kutafuta vijana barani. Ilifanya kambi yake ya kwanza Ghana mwaka 2022 na kufika Nairobi mwaka 2023. Kiongozi wa juhudi hizo ni Osi Umenyiora, mwenye asili ya Nigeria, ambaye alikuwa mwinda makwotabeki pamoja na Kiwanuka katika Giants. Februari 2008, katika Super Bowl, Kiwanuka akiuguza mguu uliovunjika, Umenyiora na wenzake walimlaza Tom Brady mara tano na kuivunjia New England msimu wa ushindi mtupu, 17-14. Anajua fika mtu wa kilo 130 mwenye miguu myepesi ana thamani gani.

Mfano wa kuvutia zaidi unatoka Australia. Jordan Mailata alikuwa mcheza raga asiyewahi kucheza futiboli hii, sawa na Adongo. Philadelphia walimchukua raundi ya mwisho mwaka 2018, wakamfundisha ukuta tangu hatua ya kwanza ya mguu, na Februari 2025 ndiye aliyekuwa mlinzi wa kushoto wa mabingwa. Adongo, aliyetupwa upande wa uwindaji, alicheza mechi chache na kuachwa mwaka 2015. Huwa najiuliza ingekuwaje kama Indianapolis, yenye kwotabeki anayepigwa kila wiki, ingemjaribu upande ule mwingine.

Kinachokuja sasa Afrika Mashariki, hata hivyo, ni futiboli ya bendera, itakayochezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Haina kugongana: unamsimamisha mwenye mpira kwa kumchomoa kitambaa kiunoni. Ni rahisi, haihitaji kofia wala mavazi ya kinga, na inafaa uwanja wowote wa shule. Lakini ni watano kwa watano, kuzuiana hakuruhusiwi, na anayemkimbilia kwotabeki anaanzia yadi saba kutoka kwenye mpira. Umbali huo ndio ukuta wake.

Kwa hiyo mtoto wa Nairobi, Kampala au Goma anaweza kuujifunza mchezo huu miaka mitano asimwone hata mara moja mtu anayesimama mbele ya mwenzake kumlinda. Na yule kaka yake mkubwa, mwenye kilo 120 na mikono mirefu, hatapata nafasi katika kikosi cha watano wepesi. Katika shule ya Ohio au Texas, kocha angemwita siku ya kwanza kabla hajaketi.